Jinsi ya Kulipia Masomo ya Kuogelea ya Mtoto na Kupata Kilicholipiwa

Mzazi anayempeleka mtoto kujifunza kuogelea hulipa kabla ya kuona chochote. Ada ya awamu nzima hutakiwa mwanzoni, mtoto huwekwa katika ngazi yenye jina la kupendeza, na kila juma mzazi hukaa kando ya bwawa akimtazama mwanawe akiwa ameshika ukingo, midomo ikimtetemeka, akingoja zamu yake. Awamu ikiisha, taarifa husema kwamba mtoto anaendelea vizuri lakini inafaa arudie ngazi ileile, na ada nyingine hudaiwa. Wazazi wengi huacha hapo wakiwa wamechoka na kukasirika, na mtoto hubaki katika hali ya hatari kubwa: amezoea maji kiasi cha kutoyaogopa, lakini hajui kujiokoa akiwa ndani yake. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya uchungu huo huweza kuepukwa, si kwa kutafuta darasa la bei ya chini kabisa, bali kwa kujua tangu mwanzo kinachonunuliwa na kukidai.

Amua kwanza mtoto aweze kufanya nini

Kabla ya kuuliza bei, amua mahali ambapo malipo yatakoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kumfundisha mtoto kuogelea, nayo haidai mtindo wa kipepeo wala kupiga mbizi kwa madaha kutoka jukwaani. Msalaba Mwekundu wa Marekani umeweka kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukitumia popote alipo. Mtoto aingie au aruke katika maji yanayompita kimo na kuzama kichwa kizima. Aibuke juu, kisha aelee au akanyage maji papo hapo kwa dakika 1. Ageuke mzunguko mzima na kutafuta pa kutokea. Aogelee takriban mita 23 hadi hapo. Halafu atoke majini mwenyewe, na ikiwa ni bwawa, atoke bila ngazi.

Mambo hayo matano yaandike mahali. Shule nyingi za kuogelea hugawa mafunzo katika ngazi nyingi zenye rangi, wanyama au beji, na kila ngazi huongeza awamu za kulipia. Si kwamba ngazi hizo ni hila, kwa kuwa mtoto hufurahia beji na mwalimu huhitaji kupanga kazi yake, lakini ngazi haimwambii mzazi kama mtoto angeweza kutoka katika maji marefu akiwa peke yake. Muulize msimamizi ni katika ngazi gani mwanafunzi huwa ameyaweza yote matano, na kwa kawaida watoto hufika hapo baada ya awamu ngapi. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha gharama halisi, ambayo mara nyingi ni ada iliyotangazwa ikizidishwa mara nyingi.

Umri wa kuanza nao una uzito katika hesabu hii. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika maelekezo yake ya mwaka 2019, kinasema kwamba masomo ya kuogelea yanaweza kumpunguzia mtoto hatari ya kufa maji kuanzia umri wa mwaka 1, na kwamba hakuna ushahidi wa faida hiyo kwa mtoto mchanga zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linapendekeza kuwafundisha kuogelea na usalama wa majini watoto waliotimiza miaka 6 na kuendelea. Mzazi anayeishi karibu na bahari, ziwa, mto, mfereji au bwawa ana sababu nzuri ya kuanza mapema. Asiye na maji karibu na ambaye fedha zake ni chache anaweza kusubiri bila kujilaumu, kwa sababu mtoto wa miaka 5 au 6 huelewa maagizo, huweza kuzuia pumzi kwa hiari yake, na kwa kawaida huhitaji vipindi vichache kufika mahali ambapo mwenzake aliyeanza na miaka 3 amefika kwa vipindi vingi.

Hesabu dakika za kufundishwa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea pasipo mtu kuona. Tuseme kipindi ni cha dakika 30 na kikundi kina watoto 6. Dakika 5 za mwanzo huenda katika kuitana majina, kuingia majini na kutulia, hivyo zinabaki 25. Iwapo mwalimu humchukua mtoto mmoja mmoja huku wengine watano wakishika ukingo, kila mtoto hupata dakika 4 na ushei. Katika awamu ya vipindi 10, mtoto huyo atakuwa amefundishwa kwa dakika zipatazo 42, yaani chini ya saa moja kwa ada ya awamu nzima. Mzazi akishangaa kwa nini mtoto hajajua kupumua kwa upande baada ya miezi miwili na nusu, jibu mara nyingi limo katika hesabu hiyo, wala halihusu akili au bidii ya mtoto.

Sasa linganisha na kipindi cha mtoto mmoja na mwalimu wake, cha muda uleule. Dakika zile 25 zote ni zake, na katika awamu zinafika 250. Ikiwa ada yake ni mara tatu ya ile ya kikundi, basi kila dakika ya kufundishwa imegharimu nusu tu ya dakika ya kikundi, ingawa jumla inayotoka mfukoni ni kubwa zaidi. Hata hivyo, mtoto mdogo hawezi kufanya kazi mfululizo kwa dakika 25 bila kuchoka, na baadhi ya dakika hizo za thamani huishia katika kupumzika. Kwa sababu hiyo mimi huona kwamba njia yenye faida kuliko zote ni wazazi wawili wenye watoto wa kiwango kimoja kuchangia mwalimu mmoja. Mmoja akiogelea mwenzake anapumzika na kutazama, gharama imegawanywa, na kila mmoja anapata dakika zipatazo 12 badala ya 4.

Haifai, lakini, kuyahukumu makundi yote kwa kigezo kimoja. Yapo makundi ya watoto 6 ambamo hakuna anayesimama bure, kwa kuwa mwalimu huwatuma mmoja baada ya mwingine kwa nafasi ya sekunde chache, na wanaorudi ukingoni hupewa zoezi la kupuliza hewa majini au kupiga miguu. Kwa hiyo usiridhike na idadi ya watoto iliyoandikwa kwenye tangazo. Omba kutazama kipindi kizima kabla ya kulipa, chagua mtoto mmoja kwa macho, na upime kwa saa muda anaotumia akiwa anaogelea, anaelea au anashikwa na mwalimu. Kipimo hicho rahisi kitakuambia zaidi ya sifa zote za kituo.

Tazama pia maji yenyewe. Mahali ambapo wanaoanza wanaweza kusimama, wote hufanya zoezi kwa pamoja. Mahali ambapo hawafiki chini, kila mmoja lazima ashikwe, na kungoja kunaongezeka. Joto la maji si suala la starehe tu. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, na mwili mdogo hupoa haraka kuliko mkubwa, hivyo bwawa lililopoa kwa ajili ya wanamashindano halimfai mtoto anayeanza. Maji ya nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi humwezesha kujifunza. Mtoto anayetetemeka kuanzia dakika ya kumi hafundishiki tena, na dakika zinazobaki zimelipiwa bure.

Yaulize haya kabla fedha hazijatoka

Uliza kinachofanyika kipindi kikifutwa kwa sababu ya radi, ubovu wa mitambo au mwalimu kutofika, na kama kipindi hicho hulipwa kwa kingine, kwa punguzo la awamu ijayo au hakilipwi kabisa. Uliza kuhusu mtoto akiugua, ni kwa taarifa ya saa ngapi kabla, na ni vipindi vingapi tu vinavyoweza kufidiwa. Uliza kama ada ya masomo inajumuisha kiingilio cha bwawa, kama mzazi anayekaa pembeni naye hulipa, na kama kofia au vazi maalumu ni lazima linunuliwe hapo hapo. Uliza kama mwalimu atakuwa mmoja awamu nzima, kwa sababu kila mwalimu mpya hutumia kipindi kizima kumjua mtoto, na mtoto mwoga hurudi nyuma kabisa. Uliza nani anaamua mtoto kupanda ngazi, kwa kipimo gani, na kama anaweza kupanda katikati ya awamu akiwa tayari. Mwisho, na hili lisiachwe kwa aibu, uliza kama yupo mwokoaji anayetazama maji mbali na mwalimu, kwa kuwa mwalimu aliyemshika mtoto mmoja ameuelekeza mgongo wake kwa wengine.

Majibu yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Malalamiko mengi kuhusu vipindi vilivyopotea hushindwa kwa sababu mzazi anakumbuka ahadi ya mdomo ambayo kituo hakiikumbuki.

Vifaa: vichache na vinavyofaa

Mtoto anayeanza anahitaji vazi la kuogelea linalombana vizuri, taulo na, baada ya vipindi vya mwanzo, miwani ya kuogelea. Ijaribu miwani kabla ya kununua kwa kuibandika machoni bila kamba; ikishika kwa sekunde chache bila kuanguka inauenea uso wake, na ikianguka mara moja itavuja hata ukaze kamba namna gani. Katika kuchagua rangi ya vazi, acha samawati hafifu na nyeupe, ambazo hupotea zikiwa chini ya maji, uchukue rangi ya chungwa kali, waridi kali au njano inayong'aa. Baada ya kila kipindi suuza vazi kwa maji baridi yasiyo na klorini ulianike kivulini, nalo litadumu zaidi.

Mifuko ya hewa ya kuvalishwa mikononi ningeshauri isinunuliwe. Humweka mtoto wima majini, wakati kuogelea kunahitaji mwili ulale, na humfundisha kuamini kwamba anaelea kwa uwezo wake mwenyewe. Wala si kifaa cha kuokolea, kwa kuwa hutoboka na kuchomoka. Mtoto anayehitaji kifaa cha usalama kwenye chombo cha majini au ufukoni apewe jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake.

Mtoto anapokwama au anapokataa

Gharama inayowaumiza wazazi zaidi ni ile ya mtoto anayelia kila akifika mlangoni, au aliyekaa ngazi moja kwa awamu mbili. Hali hizi mbili ni tofauti na dawa zake ni tofauti.

Anayelia huwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni moja: uso kuingia majini. Puani maji yanawasha, machoni haoni, masikioni sauti zinapotea, na mtu asiyemjua vizuri anamwambia asiogope. Zoezi la kumsaidia haligharimu chochote. Nyumbani, akioga, mwachie maji yamwagike kutoka utosini hadi usoni bila kumfuta upesi. Mfundishe kupuliza mapovu kwa mdomo na kisha kwa pua katika beseni au sinki, nawe ukiwa umesimama hapo hapo mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kufa katika maji machache sana. Mtoto anayeweza kupuliza hewa kwa pua akiwa ameinamisha uso tayari amevuka kikwazo ambacho wenzake hukilipia vipindi kadhaa. Kumtupa majini ili azoee ni jambo ambalo sitalikubali kamwe, liwe limefanywa na mwalimu au na mjomba mwenye nia njema. Baadhi ya watoto huvumilia; wengine huondoka na hofu ya miaka mingi, na ada yote iliyolipwa kabla inakuwa imefutika.

Aliyekwama naye aangaliwe ni wapi hasa. Mahali panapowakwamisha wengi ni pumzi katika mtindo huru: mtoto hupiga mikono vizuri kwa mita chache, kisha huinua kichwa chote mbele ili avute hewa, miguu inazama, na anasimama. Miezi inaweza kupita hapo. Usimuulize mwalimu swali la jumla kama mtoto anaendeleaje, kwa maana utapata jibu la jumla. Muulize ni jambo gani moja linalomzuia sasa, na ni zoezi gani moja mnaloweza kulifanya mkija kuogelea kifamilia. Muulize baada ya kipindi au siku nyingine, si wakati kikundi kinachofuata kinaingia majini. Iwapo mwalimu hawezi kutaja jambo hilo kwa sentensi moja baada ya vipindi vitano au sita, nafikiri mzazi ana haki ya kuomba mwalimu mwingine, na afanye hivyo kwa heshima bila kungoja awamu iishe.

Mzazi naye ana mwiko wake, ambao ni kumpigia mtoto kelele kutoka ukingoni. Mtoto anayesikia maagizo mawili yanayopishana hageukii lolote, na mwalimu hupoteza mamlaka mbele yake. Ikiwa macho yenu yanakutana kila dakika, sogea mahali unapomwona naye asikuone kwa urahisi.

Maradhi na vipindi vinavyopotea

Macho mekundu na harufu kali bwawani husababishwa hasa na kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na mkojo na jasho. Harufu kali si dalili ya usafi. Mtoto aende haja na kuoga kabla ya kuingia. Watoto wote wakifanya hivyo, kikohozi na macho kuwasha vitapungua. Sikio linalouma baada ya kuogelea, hasa likivutwa au kuguswa, laweza kuwa na uambukizo wa njia ya nje ya sikio. Liinamishwe maji yatoke, likaushwe kwa taulo, wala lisichokonolewe kwa pamba ya kijiti. Maumivu yakiendelea, aonwe na daktari. Mwenye kuhara asiingie kabisa bwawani hata kama kipindi hakitafidiwa, kwa kuwa kimelea cha Cryptosporidium huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yaliyotiwa klorini ipasavyo, na mtoto mmoja huweza kuambukiza kikundi kizima. Mtoto mwenye kifafa au pumu aendelee kujifunza kwa ushauri wa daktari wake, na mwalimu ajulishwe kabla ya siku ya kwanza.

Mazoezi kati ya vipindi

Saa moja ya kuogelea kifamilia kwa kawaida hugharimu kiasi kidogo kuliko kipindi cha mafunzo, na humpa mtoto muda mwingi zaidi wa kurudia alichofundishwa. Mzazi asiyejua kuogelea anaweza kufanya hivyo pia, mradi akae na mtoto katika maji ambayo yeye mwenyewe amesimama imara na yupo mwokoaji. Usifundishe jambo jipya. Rudia lile moja ulilotajiwa na mwalimu, kisha mwache acheze, kwa sababu mtoto anayecheza majini hupiga miguu na kuzuia pumzi mara nyingi kuliko anayeamriwa.

Wakati wote huo, mtoto asiyejua kuogelea vizuri awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Tumelelewa na methali isemayo kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na wengi wetu hutarajia kuona maji yakirushwa na kusikia ukelele. Kwa mtoto mara nyingi haiwi hivyo. Mdomo ukizama na kuibuka hana pumzi ya kuita, mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga, na ndani ya muda usiofika dakika moja anaweza kuzama bila sauti. Vyeti vya kuogelea haviondoi ulazima wa mtu mzima kutazama, na simu haina nafasi katika kazi hiyo.

Fedha zisipotosha

Kama huwezi kulipia mwaka mzima, usigawe fedha zako katika kipindi kimoja cha hapa na pale. Mtoto husahau, na kila mara huanza upya. Ni afadhali kozi fupi ya kila siku wakati wa likizo, kwa mfano majuma mawili mfululizo, ambamo alichojifunza jana hakijapoa. Uliza saa zisizo na watu wengi, ambazo vituo vingine hutoza ada ndogo. Uliza kama shule ya mtoto ina mpango wake. Na uliza waziwazi kama kituo kina punguzo kwa ndugu wa familia moja au nafasi za kufadhiliwa, kwa kuwa nafasi hizo mara nyingi hazitangazwi. Bwawa la kifahari si sharti la mafunzo mazuri. Nchini Bangladesh maelfu ya watoto wamefundishwa kuogelea na kujiokoa katika mabwawa ya vijijini, ndani ya majukwaa ya mianzi yaliyotumbukizwa majini, wakifundishwa na watu wa jamii hiyohiyo waliopewa mafunzo.

Ukilazimika kusimama, chagua mahali pa kusimama. Mtoto aliyeweza kuelea chali na kupumua kwa utulivu ana kitu cha kushika hadi mtakaporudi. Aliyeishia kwenye kupiga miguu akiwa ameshika ubao hana. Ikiwa zimebaki fedha za vipindi vitatu tu, mwombe mwalimu avitumie vyote katika kuelea chali, kugeuka na kurudi ukingoni, na aache mitindo kwa siku nyingine.

Kujua wakati wa kuacha kulipa

Mtoto anapoonekana yuko tayari, rudi kwenye yale mambo matano uliyoyaandika na umwombe mwalimu ampime yote kwa mfululizo, bila miwani na bila kugusa chini. Apimwe tena katika bwawa jingine, kwa sababu mtoto huzoea ukingo, kina na rangi ya maji ya mahali alipojifunzia. Kituo kikiruhusu, ajaribu mara moja akiwa amevaa nguo za kawaida, mwalimu akiwa majini kando yake, ili ajue zinavyolemea. Akifaulu, uko huru kusimamisha malipo. Kama anapenda mashindano au mitindo mingine, huo sasa ni uamuzi wa mchezo na bajeti, nao haupaswi kumnyima mzazi usingizi. Mpime tena baada ya miezi kadhaa ya kutoogelea, na kama amepoteza jambo moja, lipia vipindi vichache vya jambo hilo peke yake bila kukubali arudishwe kuanza ngazi nzima.